Heri Umbo Moja Uliloliimba Kuliko Matano Uliyoyakariri

Kijana anayetaka kujifunza bluzi leo, awe Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi, hakosi pa kuanzia. Anafungua simu, anatafuta, na papo hapo analetewa mchoro wa shingo ya gitaa wenye nukta nyeusi, kisha mwingine, mpaka inatimia mitano. Anaambiwa hayo ndiyo maumbo matano ya skeli ya bluzi. Ayakariri yote, na akimaliza ataweza kupiga solo mahali popote kwenye shingo. Anajifungia chumbani. Vijana wetu hawana uvivu wa vidole, kwa hiyo haipiti miezi mingi anakuwa ameyamudu. Sasa mpigie kodi za bluzi, mwambie aingie. Atapanda, atashuka, atapanda tena, kwa kasi na kwa usafi, na hutajua alianza kusema wapi wala alimaliza wapi.

Nimewasikia wengi wa aina hiyo, kwenye bendi za makanisa, kwenye kumbi za hoteli, kwenye mazoezi ya jioni, na sidhani kama kosa ni lao. Wamefundishwa kwa kuanzia mwisho. Maumbo yale ni ya kweli na yana kazi yake, lakini yametangulizwa mbele ya kitu yalichopaswa kukifuata, yaani sauti. Maoni yangu ni haya: mwanafunzi wa bluzi apewe umbo moja tu. Akae nalo muda mrefu kuliko anavyopenda. Kila anachotaka kukipiga, kwanza akiimbe. Na la pili asipewe mpaka sikio lake lijue kila noti iliyomo inaelekea wapi.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuidharau michoro kabisa. Ni wanamuziki wazuri, wengi wao wa bendi za dansi, waliojifunza kwa kusimama nyuma ya mpiga solo mkubwa na kuiba kwa macho na masikio. Nawaheshimu, lakini katika hili siwaungi mkono. Wao walikuwa na mtu wa kusimama nyuma yake. Kijana wa Songea au Kitui aliyependa bluzi kupitia simu yake hana ukumbi jirani unaoipiga kila Ijumaa. Mchoro unampa mahali pa kuweka vidole, na kwa mtu aliye peke yake hilo si jambo dogo.

Tuliangalie basi umbo lenyewe kwa karibu. Chukua kii ya A. Noti za skeli ya bluzi ni A, C, D, E flati, E na G. Aliyelelewa na kwaya za solfa atazitambua upesi: ni la, do, re, mi na so, na katikati ya re na mi imechomekwa noti moja ya ziada. Kwenye gitaa lililotyuniwa kwa kawaida, umbo la kwanza linakaa kuanzia freti ya 5. Uzi wa 6, ule mnene, unabonyezwa freti ya 5 na ya 8. Uzi wa 5, freti ya 5, ya 6 na ya 7. Uzi wa 4, ya 5 na ya 7. Uzi wa 3, ya 5, ya 7 na ya 8. Uzi wa 2 na wa 1, ya 5 na ya 8. Basi. Vidole vinne, freti nne, na kiganja hakijasogea. Mwenye bidii analishika kwa jioni moja.

Sasa angalia mchoro huo haukuambii nini. Kwanza, haukuambii nyumbani ni wapi. Katika umbo hili A inapatikana mara tatu: uzi wa 6 freti ya 5, uzi wa 4 freti ya 7, na uzi wa 1 freti ya 5. Hapo ndipo sauti inapotua na msikilizaji anapopumua. Hata mchoro ukizitia nukta hizo rangi nyekundu, rangi haisikiki. Anayekariri umbo kutoka uzi wa 6 hadi wa 1 anazizoea noti zote kwa uzito mmoja, na siku ya kupiga solo anaishia popote vidole vilipochoka. Mtu huyo ni sawa na mgeni aliyekariri majina ya mitaa yote ya Kariakoo na hajui anamtafuta nani. Dawa yake ni rahisi. Afumbe macho, aguse noti yoyote ndani ya umbo, aisikilize, kisha airudishe nyumbani kwa noti mbili au tatu. Halafu aanze na nyingine. Zoezi hili halipendezi kulitazama na halifai kurekodiwa video, na pengine ndiyo maana hulikuti huko vijana wanakojifunzia.

Pili, mchoro haukuambii kwamba noti ileile hubadilika maana wakati kidole chako hakijahama. Hili ningependa tulikalie kidogo. Bluzi iliyozoeleka ina vipimo 12, kila kimoja mapigo manne. Katika kii ya A, vipimo vinne vya kwanza ni A7, viwili vinavyofuata D7, viwili A7, kisha kimoja E7, kimoja D7, na viwili vya mwisho vinarudi A7. Weka kidole kwenye C, uzi wa 1 freti ya 8, wakati rithimu inapiga A7. Ndani ya kodi hiyo kuna C shapu, na C yako imekaa nusu sauti tu chini yake. Zinasuguana. Msuguano huo si kosa, ndio ladha yenyewe iliyomfanya mtu apende bluzi kabla hajajua inaitwaje. Subiri sasa kipimo cha 5, kodi inapogeuka kuwa D7. Noti za D7 ni D, F shapu, A na C. C yako iliyokuwa ikisuguana imekuwa mwenyeji. Kidole ni kilekile, uzi ni uleule, lakini sauti imetulia kana kwamba umehamia wimbo mwingine. Mwanafunzi akilisikia hili mara moja tu, kwa sikio lake mwenyewe, amepata kitu ambacho maumbo manne yaliyobaki hayawezi kumpa. Na atalisikia upesi zaidi akikaa na noti hiyo moja kwa mzunguko mzima wa vipimo 12 kuliko akizikimbiza noti zote sita.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa muziki huu. Noti nyingi za bluzi haziko kwenye freti. Ziko katikati.

Bonyeza uzi wa 3 freti ya 7 kwa kidole cha pete, na vidole viwili vya nyuma yake visaidie kusukuma. Hiyo ni D. Kabla ya kuivuta, piga kwanza uzi wa 2 freti ya 5, ambayo ni E, uiweke sikioni. Halafu piga ile D na uusukume uzi kuelekea juu, taratibu, mpaka sauti yake ifike E. Ukizipiga nyuzi hizo mbili pamoja wakati unavuta, utasikia sauti zikipigana na kutikisika kwa haraka. Kadiri unavyokaribia, mtikisiko unapungua kasi, na ukifika kamili unakoma. Wanafunzi wengi huachia njiani, chini kidogo ya E, na ndiyo sababu solo zao zinasikika kama gitaa halijatyuniwa. Kwa hiyo siku nyingi za mwanzo zingetumika vizuri kwenye uzi huu mmoja na freti hii moja. Mwenye gitaa la akustiki ajue pia kwamba tatizo linaweza lisiwe kidole chake. Nyuzi za akustiki kwa kawaida ni nene, na uzi wa 3 huwa umezungushiwa waya, hivyo kuuvuta sauti nzima ni kazi ya kuumiza. Kwenye gitaa la umeme lenye nyuzi nyembamba, zile za namba 9, mkono uleule unafika bila shida.

Kuna mvuto mwingine mdogo zaidi, na ni mgumu zaidi. Ile C inayosuguana na C shapu, wapigaji wazuri hawaiachi ilivyo. Wanaisukuma kidogo sana, chini ya nusu sauti. Ukiizidisha inakuwa C shapu kamili, tamu na changamfu. Ukiiacha inabaki kavu. Mahali penyewe ni katikati, na hapana freti wala nukta. Unapajua kwa koo tu, kwa sababu koo la binadamu linafika hapo bila kufundishwa. Ndiyo maana nasisitiza kuimba. Mtu asiyeweza kuitoa noti hiyo kwa mdomo wake hataweza kuitoa kwa kidole, na anayeweza kwa mdomo, kidole kitajifunza.

Wala haya si mapambo yaliyoongezwa baadaye. W. C. Handy, aliyechapisha wimbo wa St. Louis Blues mwaka 1914, alisimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyokuwa akisubiri treni kwenye stesheni ya Tutwiler, Mississippi, mwanzoni mwa karne ya 20, akamsikia mtu mweusi aliyechakaa nguo akipiga gitaa huku akiteleza na kisu juu ya nyuzi. Kisu kinachoteleza hakizijui freti. Ukitaka kumchorea mtu yule maumbo matano, ungeanzia wapi? Miaka mingi baadaye B. B. King, mzaliwa wa Mississippi mwaka 1925, alijaribu kuiga sauti hiyo ya kuteleza aliyoisikia kwa Bukka White, ndugu wa upande wa mama yake. Kuteleza na chupa kulimshinda. Akatafuta sauti ileile kwa kuutetemesha mkono wa kushoto, noti moja ikiwa imebonyezwa, na mtetemo huo ukawa sahihi yake duniani kote mpaka alipofariki mwaka 2015. Alianzia kwenye sauti aliyoitamani, kisha mkono ukatafuta njia yake.

Wengine walifika mbali kwa mikono ambayo michoro ya leo isingeitambua. Albert King alikuwa mashoto, akaligeuza gitaa bila kuzipanga upya nyuzi, hivyo nyuzi nyembamba zilikuwa juu na alizivuta kuelekea chini. Otis Rush vivyo hivyo. Albert Collins alityuni gitaa lake kwa kodi ya maina na kubana shingo kwa kapo. Mpe yeyote kati yao karatasi yenye maumbo matano, na nukta zisingelingana na anachofanya. Lakini wakipiga, hakuna anayeuliza kama ni bluzi.

Nadhani sehemu ya tatizo inatokana na namna tunavyosimulia vipaji. Robert Johnson alirekodi nyimbo 29 tu, San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937, akafa mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 27. Dunia imeshikilia hadithi kwamba aliuza roho kwa shetani njia panda, usiku, ili apewe vidole. Kwetu hadithi hiyo inapokewa haraka, maana na sisi mwanamuziki aking'ara tu, watu huanza kunong'ona habari za waganga. Inaniuma kila ninapoisikia. Son House, aliyemfahamu akiwa kijana, alieleza kwamba mwanzoni Johnson alikuwa hajui kitu, akaondoka, na aliporudi alikuwa mwingine kabisa. Katika kipindi hicho alikuwa kusini mwa Mississippi, akijifunza kwa mpiga gitaa aliyeitwa Ike Zimmerman. Alikuwa na mwalimu, na alifanya mazoezi. Anayempa shetani sifa hiyo anamnyang'anya Johnson jasho lake, na anamnyang'anya mwalimu wake jina. Na kijana wa leo anayeamini kwamba siri imo kwenye michoro, akiipata yote mitano mambo yatafunguka, naye anatafuta njia panda ya aina yake.

Upo pia mtego wa pili, na huu ni wetu hasa. Mara kwa mara nasikia watu wakisema bluzi ni ya Afrika, sisi ni Waafrika, kwa hiyo tunayo damuni na hatuna haja ya kuisomea. Asili ya Kiafrika ipo, haina ubishi. Mtafiti Gerhard Kubik, ambaye alizunguka sana pia huku Afrika Mashariki, alichapisha kitabu kizima juu ya suala hilo mwaka 1999, na alichokiona kilimwelekeza hasa kwenye ukanda wa savana wa Afrika Magharibi. Ali Farka Touré wa Mali alishikilia maisha yake yote kwamba anachopiga ni muziki wa kwao, na albamu ya Talking Timbuktu aliyoitoa na Ry Cooder mwaka 1994 inatosha kumfanya mtu akae kimya asikilize. Lakini Mali si Mtwara. Na muziki uliozaliwa Mississippi ulizaliwa na watu maalumu, wajukuu wa watumwa, waliolima pamba ya wengine na kubaki na madeni kila mwisho wa msimu. Waliutengeneza wao. Kuuchukua kana kwamba tulizaliwa nao ni kukosa adabu kwa walioutesekea.

Tena masikio yetu ya gitaa yamelelewa vingine. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi akipiga Masanga mwaka 1952, alifanya gitaa moja lisikike kama mawili. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro alipiga solo inayoimba mpaka unaweza kuifuata kwa mluzi. Sebene ya Kongo imewafundisha vijana wetu kupiga noti mbilimbili zilizoachana kwa umbali wa tatu, tamu, za meja, bila kupumzika, kwa sababu wachezaji wako uwanjani na solo ikikatika miguu inakatika. Ni sanaa kubwa na siwezi kuishusha. Ila mpiga sebene anapoingia bluzi analeta tabia mbili zinazomkwamisha: anaikwepa ile C inayosuguana kwa sababu inamsikikia vibaya, na anaogopa kimya. Anajaza kila pengo. Wa bluzi anapiga noti tatu, anaacha, anasikiliza, ndipo anajibu. Msikilize B. B. King kwenye Live at the Regal, iliyorekodiwa Chicago Novemba 1964. Akiimba, gitaa limenyamaza. Gitaa likiongea, mdomo umenyamaza. Havipandiani.

Hapo ndipo tunapokuwa na mtaji, na sijui kwa nini walimu wetu hawautumii. Kuitikiza tunakujua. Kila ngoma, kila kwaya, kila wimbo wa harusi una wa kuanzisha na wa kuitikia. Na mashairi ya bluzi yana mpangilio ambao mtu wetu anaweza kuushika leo: mstari mmoja unaimbwa, unarudiwa, kisha wa tatu unakuja kuujibu. Kila mstari unachukua vipimo vinne, sauti inatumia kama viwili vya mwanzo, na vinavyobaki ni vya gitaa. Kwa hiyo mwanafunzi atunge mstari wake kwa Kiswahili, juu ya kodi ya nyumba, daladala, mchumba aliyehama mji, chochote kinachomkera kweli. Auimbe kwa noti za umbo la kwanza. Halafu gitaa limjibu kwa noti tatu au nne, si zaidi, zikitua A. Arudie mstari, jibu libadilike kidogo, na wakati huu D7 imeingia, kwa hiyo ile C isikike ikiwa mwenyeji. Mstari wa tatu unaanza juu ya E7. Atakapokuwa anafanya hivyo bila kuhesabu vipimo kwa mguu, na bila kuangalia shingo, anajua bluzi kuliko yule mwenye maumbo matano, ingawa mchoro alionao ni mmoja.

Bendi za makanisa na vyuo vya muziki vingeweza kuanza na hili kesho. Halihitaji kitabu wala amplifaya. Linahitaji mwalimu atakayekubali darasa liwe na kelele za watu wanaoimba vibaya kwa wiki kadhaa, na atakayemzuia mwanafunzi mwenye vidole vyepesi asikimbilie mbele.

Na siku ya kumfungulia mlango wa pili itakapofika, nisingempa umbo la pili lote. Ningempeleka kwenye kona ndogo iliyo freti ya 10, uzi wa 2, ambako kuna A nyingine ya nyumbani. Kuizunguka A hiyo zipo D na E kwenye uzi wa 1, freti ya 10 na ya 12. B iko kwenye uzi wa 2 freti ya 12, na F shapu kwenye uzi wa 3 freti ya 11. B na F shapu hazimo kabisa katika zile noti sita za skeli ya bluzi aliyoisoma, na bado ni bluzi tupu. B. B. King alikaa kwenye kona hiyo, isiyozidi upana wa kiganja, kwa zaidi ya miaka 50 ya kazi. Aanze na A, aivute B mpaka ifike karibu na C shapu, kisha arudi A na kunyamaza vipimo viwili vizima kabla hajagusa uzi tena.